Muulize Babu Spana

*Shikamoo Babu. Lori langu likiwashwa alfajiri linatoa mlio wa tak-tak-tak upande wa ekzosi. Likishapata moto linanyamaza kabisa. Mke wangu anasema limepona, utingo anasema lina jini. Nimsikilize nani?*
*Mwenye Mashaka, Makambako*

Marahaba. Mkeo umsikilize kwa mengine. Manifoldi inavuja. Chuma kikipata moto hutanuka kikaziba mwanya. Kikipoa mwanya unarudi na moshi unapita ukigonga. Injini ikiwa baridi, mulika tochi pale manifoldi inapokutana na hedi: penye masizi meusi ndipo. Pasipoonekana, ingiza hewa ya kompresa kupitia bomba la ekzosi, paka maji ya sabuni, utazame povu linachemkia wapi. Usipapase kwa kiganja injini ikiwaka. Mlimani moshi ule hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na mkono wako hauna spea.

*Babu, manifoldi ilikuwa inavuja, fundi akazikaza nati kwa spana iliyoongezewa bomba. Stadi ya mwisho kabisa imekatika. Anasema niendelee na safari, zimebaki kumi na moja.*
*Dereva, Tunduma*

Fundi wako anajua hesabu ya kutoa, hilo tumpe. Ila hajajiuliza kwa nini imekatika ya mwisho na si ya katikati. Manifoldi ya silinda sita ni ndefu. Ikipata moto hurefuka kuelekea ncha zote mbili, na stadi za pembeni ndizo zinazovutwa zaidi kila safari. Uso wake ukishapinda, kukaza hakuunyooshi. Utakata nyingine tu.

Kisiki kimwagie mafuta ya kulegeza kutu, kilale nayo usiku kucha. Kesho mchomeleaji abandike nati juu yake. Moto wa kuchomelea nao hulegeza kutu, kisha kizungushwe taratibu kwa spana. Anayekimbilia drili ya mkononi mpeleke kwanza akanywe chai. Manifoldi ilazwe rula ya chuma usoni. Ikionekana imepinda, ikasawazishwe kwenye mashine. Nunua gasketi mpya, na stadi za chuma kinachohimili moto, si bolti za kuezekea bati. Anza kukaza katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha injini.

*Babu, Kitonga napitwa na wenye mzigo kunizidi, na nyuma yangu ni moshi mweusi mtupu. Tajiri anataka kununua tabo mpya.*
*Wa Mwisho, Ruaha Mbuyuni*

Mwambie tajiri arudishe pochi mfukoni kwanza. Tabo huzungushwa na msukumo wa moshi. Ukivujia njiani inazunguka kivivu, hewa inapungua, dizeli haiungui yote. Zibeni uvujaji, mpandishe tena mlima, ndipo muihukumu tabo.

*Babu, gasketi ya kopo la soda itafaa?*
*Mbana Matumizi*

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachofaa hapo ni soda yenyewe.

*Babu, nalala kabini na injini ikiunguruma ili feni ifanye kazi. Naamka kichwa kinagonga. Pombe nimeacha, bado kinagonga.*
*Mlevi Mstaafu, Mikumi*

Pombe umeisingizia. Manifoldi inayovuja huingiza moshi kabini, na ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Leo zima injini, shusha vioo, tundika neti. Asubuhi gereji.