Mwongozo wa Mwandishi Anayeshuka Msamvu

Hongera kwa kuamua kuandika riwaya ya kihistoria kuhusu wageni wa Morogoro. Umemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi na kumlilia Yasmin, aliyeozwa kwa Raza naye bado mtoto. Umeanza kumsoma Gurnah tangu apate Nobel mwaka 2021, maana kabla ya hapo ulikuwa na shughuli. Binamu yako wa Leicester amekutumia Small Island ya Andrea Levy. Nawe sasa unataka kisa chako cha rangi na ugeni, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Umeshuka stendi ya Msamvu, karanga mkononi, daftari kwapani. Subiri kidogo.

Kwanza, ukungu. Ni mwiko riwaya ya Morogoro kuanza bila ukungu kileleni. Mkalishe mhusika dirishani, autazame mlima wa Lupanga, ajiulize yeye ni nani. Waluguru wakiutazama mlima huohuo hujiuliza kama mvua itawakuta wameshapanda maharage, lakini wao hawatanunua kitabu chako.

Pili, chombo cha safari. Wajamaika wa Levy wana Empire Windrush, iliyotia nanga Tilbury, Uingereza, mwezi Juni 1948. Bahari huna, lakini reli unayo. Ilifika hapa mwaka 1907 na itakutosha.

Sasa wahusika. Wapange kwa rangi, kama mtu anayepanga kanga dukani: Mhindi mwenye daftari la madeni, Mwarabu mwenye dele la kahawa, Mgiriki wa mkonge mwenye kofia na hasira. Wakishakaa hao watatu utajiona umemaliza kazi, na hapo ndipo wengi huteleza.

Wageni waliojaa kwenye mashamba ya mkonge miaka ya 1940 na 1950 hawana rangi ya kukusaidia. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Wengi waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944, ambayo watu waliizoea kwa jina la Silabu. Mtu alifika na jina la babu yake, akapewa namba, na tangu hapo akawa manamba. Kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa na vyumba 30 vya kujazwa, kimoja kwa kila siku ya kazi. Siku ambayo hakufanya kazi haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda: malaria ikimlaza wiki moja, mshahara nao unasogea wiki moja. Mmakonde wa kambini hakuwa na shangazi hapa, hakuwa na shamba, wala hakukijua Kiluguru. Kama huo si ugeni, sijui ugeni ni nini. Lakini najua utamruka, kwa sababu kwenye jalada la kitabu atafanana na wenyeji.

Ukipenda siasa, utaukimbilia mkutano wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, uliofanyika hapa kuanzia 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Usijaze hotuba. Chukua jambo moja: waliamua kwamba Wazungu, Wahindi na Machotara waliokuwa uhamishoni wanaweza kuwa wanachama. Halmashauri Kuu haikuwamo katika ruhusa hiyo. Mlango wa huko ulifunguliwa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Miaka 16 mtu ni mwenzetu ndani ya chama, ila kile kiti pale mbele asikiguse. Sura nzima iko hapo, na wala huhitaji ukungu.

Kisha Mazimbu. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC eneo lililokuwa shamba la mkonge, nao wakajenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mkimbizi akasoma aljebra palepale manamba alipojaza kipande. Mwaka 1992 eneo lilirudishwa kwa Watanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wakimbizi wakarudi kwao, wengine wakaacha watoto.

Najua macho yamekutoka. Mtoto wa baba Msauzi na mama Mluguru! Utamsimamisha njia panda, si wa huku wala wa kule, alie kurasa 40. Pole. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Mtoto huyo ni wa ukoo tangu siku ya kwanza, ana mjomba wa kumsemea, na ardhi ya ukoo ni yake kama ya binamu zake. Kumkosa baba kunauma, sibishi, ila hakumpunguzii ukoo hata chembe.

Geuza upande. Chukua Mluguru aliyeteremka kwenye shamba la mkonge la Tungi kuuza ndizi, akamwoa binti wa Kingoni kambini, akapanda naye mlimani. Watoto wao wamezaliwa mlimani, wanaongea Kiluguru kuliko mama yao, sura zao ni za kijiji. Baba akifa, shamba ni la ukoo wake, na wenye sauti juu yake ni watoto wa shangazi. Hao wa kwake wataambiwa, kwa upole kabisa, wakaulize kwa wajomba zao. Wajomba wako Songea.

Mhusika wako ni mmoja wa watoto hao. Gari la Matombo, huko mlimani, linajaa haraka, wahi kiti.