Mashoto, Gitaa na Piano

Katika kila watu kumi, mmoja hivi hutumia mashoto. Tisa waliobaki ndio walioliunda gitaa, wakaligeuzia upande wao, kisha wakaliita la kawaida. Kiswahili nacho kilikuwa kimeshatoa hukumu: mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na jina lake la pili, mkono wa kuume, linautia hata uanaume. Wa kushoto ukaachiwa kazi za chooni. Mtoto wa Pwani aliyezaliwa na mashoto hufunzwa mapema kwamba kwa mkono huo hapokei peremende, hampi mgeni maji wala hagusi sinia la pilau. Akifika kwa mwalimu wa gitaa ndipo hugundua kwamba mkono huohuo uliofukuzwa siniani sasa unadaiwa kazi ngumu kuliko zote.

Gitaa la kawaida hushikwa shingo ikielekea kushoto. Vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi shingoni ili kuchagua sauti, na mkono wa kulia hucharaza. Nyuzi ni sita: mnene wa besi hukaa juu, karibu na kidevu cha mpigaji, na mwembamba hukaa chini, karibu na goti. Mpangilio huu ni kioja hata kwa wenye kutumia kulia. Mtu ambaye mkono wake wa kushoto haujawahi kushika hata sindano huambiwa auhamishe kutoka kodi ya C, yaani fungu la sauti zinazopigwa pamoja, hadi kodi ya F bila kusita, huku mkono wa kulia, msomi wa nyumba, ukipanda na kushuka kama unafukuza nzi. Walimu hujitetea kwamba mdundo ndio uti wa mgongo wa muziki, kwa hiyo ukabidhiwe mkono unaoaminika. Hoja hiyo ina uzito. Kidole kikikosea sauti, mpigaji hutabasamu na wimbo ukaendelea. Mdundo ukiyumba, ukumbi mzima husimama ukamtazama.

Mwenye mashoto ana njia nne. Ya kwanza ni kunyamaza na kujifunza kama wengine. Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits ni mtu wa mashoto anayepiga gitaa la kulia, na hakuna aliyewahi kudai fedha zake za kiingilio kwa sababu hiyo. Anayefuata njia hii hupata faida ya kuanza na mkono wa shingoni wenye akili. Hasara yake huonekana katika kucharaza: wiki za mwanzo mkono wa kulia huziparamia nyuzi kama kuku anayeparua takataka.

Ya pili ni kununua gitaa la mashoto. Madukani gitaa hilo ni adimu. Mnunuzi anayeliulizia huletewa la kawaida, na muuzaji huligeuza mbele yake juu chini, akamhakikishia kwamba ndilo hilohilo. Akibahatika kulipata, hupata na amani asiyoitarajia, maana gitaa la mashoto haliazimwi. Rafiki akilichukua hulirudisha kabla ya ubeti wa kwanza, akiwa na sura ya mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Ubaya ni kwamba mwenye gitaa naye hawezi kuazima la mtu. Uzi ukimkatikia katikati ya harusi, yuko peke yake.

Ya tatu ni kuligeuza gitaa la kawaida na kuzipanga nyuzi upya. Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970, aliitumia njia hii kwa magitaa yake ya umeme ya Fender Stratocaster, na wengi wakadhani ni rahisi. Kumbe mifereji inayoshika nyuzi kichwani mwa shingo imechongwa kwa unene wa kila uzi. Gitaa likigeuzwa, uzi mnene hukaa juu ya mfereji mwembamba kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea, na uzi mwembamba huchezacheza ndani ya mfereji mpana, ukilia kama nzi kwenye kopo. Katika gitaa la umeme, vitufe vya sauti vilivyokuwa chini huja juu, penye mkono unaocharaza. Mpigaji hufika kwenye solo aliyoifanyia mazoezi mwezi mzima, mkono ukagusa kitufe, sauti ikazima. Anabaki kufumba macho na kukunja uso kwa hisia huku kinachosikika ni ngoma peke yake. Mwanamuziki Paul McCartney alikwepa sehemu ya fedheha ya mashoto mwaka 1961 huko Hamburg, aliponunua gitaa la besi la Höfner lenye umbo la fidla: pande zake mbili zinalingana, hivyo halikuonekana kituko mikononi mwa mtu wa mashoto.

Ya nne ni kuligeuza gitaa na kuziacha nyuzi zilivyo, besi chini na nyembamba juu. Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, alijifunza hivyo utotoni. Kidole gumba chake kilipiga wimbo na vidole vingine vikapiga besi, kinyume cha dunia nzima, na mtindo huo ukapewa jina lake. Alitunukiwa Grammy akiwa amefika miaka tisini. Mpigaji wa bluzi Albert King naye alizivuta nyuzi kuelekea chini pale ambapo wenzake huzisukuma juu, na bluzi zake zikapata kilio ambacho wapigaji wa kulia walitaabika kukiiga.

Jukwaani, mashoto ni suala la usalama. Mwenye gitaa la mashoto akisimama kushoto kwa mpigaji wa kawaida, shingo za magitaa mawili huelekeana, na kila wanapogeukia watazamaji huchapana kama fimbo za wachungaji. Darasani mambo huwa mazuri: akikaa mkabala na mwalimu, humwona kama anajitazama kwenye kioo, wakati wanafunzi wengine wanahangaika kugeuza kila kitu kichwani.

Piano haina toleo la kugeuza kirahisi. Vibonye vyake 88 huanza na sauti nene kushoto na kuishia na nyembamba kulia, na kila mtu hukaa upande uleule. Lakini upendeleo upo: wimbo hupewa mkono wa kulia, na wa kushoto huambiwa ushike besi na usipige kelele. Mkono wa mwenye mashoto hausikii amri hiyo. Hupiga besi kwa nguvu hata wimbo ukazama, na waumini kanisani wakabaki kuimba wanachokisikia, yaani besi. Kwenye vinanda vya umeme vyenye midundo ya ndani, mkono wa kushoto hulipiza kisasi: ndio unaobonyeza kodi, na bendi nzima ya ndani ya kinanda huufuata.

Kwamba mkono mmoja haulei mwana ni kweli, lakini unaweza kupiga piano. Mpiga piano Paul Wittgenstein wa Austria alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, akawaagiza watunzi wamwandikie kazi za mkono wa kushoto. Mmoja wao, Ravel, alimwandikia utungo uliopigwa Vienna mwaka 1932; Wittgenstein akaubadilisha alivyopenda, Ravel akakasirika. Prokofiev naye alimtungia wake, Wittgenstein akasema hauelewi, na hakuupiga kamwe.

Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto gitaa asimpime kwa mkono anaolia ugali, maana huo umeshafunzwa adabu. Ampe ufagio, awashe muziki, kisha atazame mkono upi unashika mpini na upi unacharaza. Anavyoushika ufagio ndivyo atakavyolishika gitaa. Muziki ukiisha, afagie.