Sifa za Kimburu Wetu

Kwa heshima na taadhima naomba kumsifu paka. Si paka wa jikoni. Ni kimburu, paka mwitu wa Afrika, aliyegongwa na gari usiku, akaandikiwa kibali kama nyara ya serikali, kisha akakabidhiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo ili amkaushe na kumjaza. Kijana alimaliza mafunzo akaenda zake. Paka amebaki kwenye kabati la kioo la makumbusho yetu madogo, na mimi ndiye ninayeitwa kila ikisemwa kwamba anahitaji "kuboreshwa".

Sifa ndogondogo nizipitie haraka. Hali, hanywi, hadai malimbikizo ya mshahara. Ni mkarimu: vizazi kadhaa vya nondo vimemla mgongoni na hajanung'unika. Ni mzalendo pia, kwani tumboni amejaa maranda ya mninga kutoka kwa seremala wa jirani.

Lakini fadhila yake kuu ni upana. Mnyama aliyekaushwa na fundi hodari anafundisha mnyama mmoja, basi. Unamtazama chui, unasema "chui", unapita. Kimburu wetu hana uchoyo huo. Kimburu aliye hai ana masikio yaliyosimama, yenye wekundu wa kutu kwa nyuma. Ya huyu hayakutolewa gegedu, yakajikunja kama majani ya mhogo yaliyosahaulika juani, na watoto wa shule ya msingi humwita popo. Tumboni, ambako maranda yalishindiliwa kwa moyo mkunjufu, ni nguruwe mtupu. Midomo haikukunjwa ndani wala kubanwa, hivyo ngozi ilipokauka ilirudi nyuma hadi magego yakatokeza. Hapo utaapa ni fisi. Mkia umechomekwa waya ulionyooka, ndipo anapoingia nguchiro, tena nguchiro aliyeshtushwa. Na macho? Macho ni gololi. Mboni ya kimburu husimama wima, na jua likiwa kali hubaki uzi mwembamba tu. Michirizi ya rangi ndani ya gololi hizi imelala, na mnyama mwenye mboni iliyolala ni mbuzi. Kwa hiyo mgeni analipa kiingilio cha paka mmoja, anatembezwa mbuga nzima na zizi juu yake.

Anayeona hizo ni kasoro aende Sweden, kwenye kasri la Gripsholm. Yupo simba aliyeletwa mwaka 1731, zawadi ya mtawala wa Algiers kwa Mfalme Fredrik I. Alipokufa, ngozi na mifupa vilipewa fundi ambaye, inasemekana, hakuwahi kumwona simba akiwa hai. Akamtoa na macho yaliyosogeleana na ulimi nje, mcheshi kabisa. Leo anajulikana duniani kote. Simba waliokaushwa kwa ustadi wamejaa Ulaya, nitajie mmoja.

Hata wale simba wala watu wa Tsavo, Kenya, waliouawa na mhandisi Patterson mwaka 1898 wakati wa ujenzi wa reli, walikaa miaka ishirini na ushee wakiwa mazulia ya nyumbani kwake, kabla hajawauzia makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimepunguzwa kingo, kwa hiyo waliposimamishwa walitoka wadogo kuliko walivyokuwa porini. Bado watu wanapanga foleni kuwaona.

Sasa, kuboresha. Inawezekana, kwa kiasi. Unalowesha ngozi ya uso polepole kwa pamba yenye maji hadi ilegee, unatoa gololi, unaweka macho ya kioo yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, unajenga kope kwa udongo, unarudisha midomo ndani na kuibana hadi ikauke. Ngozi ikianza kuchanika, unaacha. Mwili hauponi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Carl Akeley, ambaye alifanya kazi katika makumbusho hayo hayo ya Chicago kabla ya simba wa Tsavo kufika, alionyesha kwamba unaufinyanga mwili kwanza kwa udongo, msuli kwa msuli, ndipo ngozi inavikwa juu ya umbo. Maranda hayana msuli.

Na kijana yule alikuwa anajua! Aliomba umbo, akaambiwa atumie akili. Aliomba macho, akaambiwa hakuna kifungu. Aliomba hata picha ya kimburu. Alichopewa ni tarehe ya kuja kwa mgeni rasmi. Gololi alinunua dukani kwa hela yake, na wanaomcheka leo ndio waliomkatalia.

Kila mgeni rasmi akitangazwa, inakaa Kamati ya Maboresho. Kuna chai, kuna sambusa, kuna posho ya kikao, ambayo kwa kikao kimoja ingewanunulia macho wanyama wote wa jengo lile. Kikao kilichopita kiliazimia kabati lipakwe rangi, nami nikakabidhiwa kopo la rangi ya viatu, ya kahawia, kwa ajili ya mgongo. Nikaulizia macho. Hakuna kifungu. Ndipo mjumbe mmoja, mtu mwenye busara zake, akashauri kwamba kwa kuwa wageni hubishana huyu ni mnyama gani, kibao cha "Kimburu" kiondolewe, kiwekwe kipya kisemacho "Mnyama wa Porini", kwa herufi za dhahabu. Hoja ikapita bila kupingwa. Kibao kililipiwa siku hiyo hiyo.