Sifa za Fomu ya Mkopo

Nazi imesifiwa, ngalawa imesifiwa, hata chai ya maziwa ina mashabiki wake. Fomu ya mkopo haijapata wa kuiimbia. Mimi niliyeijaza ili nikasome sheria naona kuzidi kunyamaza ni utovu wa fadhila.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, na tangu hapo sijaona mhadhiri anayefundisha sheria haraka kama fomu yake. Hujakanyaga chuo cha Mlimani bado, lakini umeshajua kuwa anayedai ndiye anayethibitisha. Unadai umezaliwa? Cheti unacho, muhuri unao; haya, kipeleke RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, kihakikiwe. Kusimama kwako pale ukitokwa jasho si kielelezo.

Nilidai pia kwamba baba amefariki. Mtaa mzima ulimzika. Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa alishika jeneza kwa mikono yake. Nilipompelekea fomu atie sahihi alinipa pole upya, akavaa miwani, akauliza, "Cheti cha kifo kiko wapi, mwanangu?" Sikumlaumu. Fomu humfanya jirani hakimu kwa dakika tano, kisha humrudisha kwenye bao lake. Mama, ambaye kwa miaka sita aliamini baba amekufa vya kutosha, alifungua sanduku la bati. Akatoa khanga mbili, risiti za hospitali, kadi ya chama, na chini kabisa kibali cha mazishi. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na tayari nilikuwa na kesi.

Wenye ndimi kali hucheka ile ada ya maombi ya shilingi 30,000: asiye nacho alipie kusema hana! Hawajaiona hekima yake. Fukara kamili, ambaye hata hiyo haipati, hatamsumbua mtu.

Na ni nani mwingine angenionyesha ukoo wangu ulivyo? Kadi ya mchango wa harusi mjomba hupokea kwa mikono miwili. Aliposikia neno "mdhamini" alikumbuka ana safari ya Morogoro. Shangazi, muuza vitumbua, ndiye aliyetoa kitambulisho chake bila kuuliza riba ni nini.

Ya steshenari niyapitie haraka: kijana aliskani ukurasa wa sahihi kichwa chini, saa tano usiku, dirisha la maombi likikaribia kufungwa.

Lakini kilichonifanya niipende taaluma hii ni kamishna wa viapo. Wakili yule alikuwa akiongea na simu. Aligonga muhuri, akanyoosha kiganja, akaendelea na simu. Nilikwisha kuapa bila kufungua mdomo.

Leo fomu bado hainisahau: kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu hurudi kuisalimia. Nami ni wakili, muhuri ninao. Wiki iliyopita aliingia binti na karatasi zake, amezibana kifuani kama mtoto mchanga. Nikagonga, nikapokea changu. Alipokwisha kutoka ndipo nilipong'amua kuwa sura yake sikuiona.