Damu Moja, Majibu Mawili: Barua ya Wazi kwa Kamati za Ununuzi wa Vifaa Tiba

Waheshimiwa wajumbe,

Pokeeni pongezi kwa mashine za kupimia damu mnazozikatia utepe kila mwaka wa fedha. Hospitali iliyokuwa na mashine moja sasa ina tatu, kila moja na kampuni yake, kwa kuwa kila zabuni ilikuwa na mshindi wake. Mwananchi amenufaika sana. Zamani aliondoka na jibu moja. Sasa damu ya sindano ileile inaweza kumpa himoglobini 10.6 maabara kuu na 11.4 wodi ya wazazi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza kwenye gramu 11 kwa desilita. Basi mama huyu ni mgonjwa huku na mzima kule, na kazi iliyobaki ni kubandika kibao cha kuwaelekeza wanaopendelea uzima.

Mtasema kila mashine hupimwa asubuhi kwa sampuli za udhibiti ubora, nayo hufaulu. Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Sampuli hizo huthibitisha kwamba mashine ya leo inakubaliana na mashine ileile ya jana; hazisemi kama inakubaliana na jirani yake. Hata kanuni za Marekani za kupima umahiri wa maabara, zilizokazwa mwaka 2025, zinaruhusu himoglobini kupotoka kwa asilimia 4 juu au chini. Ikiwa jibu la kweli ni 11, basi 10.6 na 11.4 zote zimefaulu mtihani. Isitoshe, mashine hazihesabu kwa njia moja. Zipo zinazofuata njia ya Wallace Coulter, aliyepata hataza yake mwaka 1953, ya kuhesabu chembe kwa kuzipitisha kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Nyingine hutumia mwanga wa leza. Vipande vya chembe nyekundu vilivyovunjika vinaweza kuhesabiwa na tundu kama chembe sahani, na mgonjwa anayehitaji kuongezewa chembe sahani akaonekana anazo za kutosha.

Wengine watajibu kwamba dawa ni kununua kampuni moja tu. Ingesaidia, lakini haitoshi: mashine mbili za kampuni moja, zenye vitendanishi vya matoleo tofauti, moja ikiwa imerekebishwa juzi na nyingine mwaka jana, nazo huachana. Wapo pia watakaosema tuwaamini wataalamu. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walichapisha matokeo ya kupeleka sampuli zilezile katika maabara za hospitali za Pennsylvania: majibu yasiyoridhisha yalikuwa mengi kuliko yanayoridhisha. Wataalamu hao hawakuwa wazembe. Hakuna aliyekuwa amewalinganisha. Kuhusu gharama, kulinganisha hakudai mashine mpya. Kunadai damu za wagonjwa zilizokwisha kupimwa, zenye kiwango cha chini, cha kati na cha juu, zipitishwe siku hiyohiyo kwenye kila mashine, na tofauti iandikwe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15189 kinaitaka maabara yenye mashine zaidi ya moja ifanye hivyo. Nchini Tanzania mizani ya muuza sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Si makosa kuiombea damu heshima ya sukari.

Kwa hiyo, waheshimiwa, kabla ya utepe unaofuata, wekeni masharti matatu kwenye zabuni: muuzaji alinganishe mashine yake na zilizopo kabla ya kulipwa, ulinganishaji urudiwe kwa ratiba na kila vitendanishi au vipuri vinapobadilishwa, na tofauti inayoweza kubadili matibabu iizuie mashine kutoa majibu hadi irekebishwe. Mkishindwa, angalau mwandikieni mgonjwa kwenye fomu jina la mashine iliyompima, ajue ni nani aliyeamua kwamba anaumwa.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi mwenye damu moja tu