Jemedari, Bibi Siagi na Dumu la Alizeti

Wewe mwenzangu uliyeoa utanielewa upesi. Nyumbani kwetu Kijenge mafuta ya alizeti huja kwa dumu kutoka Singida, na mwenye dumu ni mama mkwe. Wajukuu wamempa jina la Bibi Siagi. Ni mtu wa Machame, na kwake mtori usioelea siagi ni maji ya ndizi tu. Mkwe akikonda, majirani watasema binti yake hajui kupika, na aibu hiyo Bibi hataki kufa nayo.

Sasa muuguzi akampima mke wangu presha, akanizungushia na mimi futi kiunoni. Akatushauri tupungue taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa kubadili tunavyokula kila siku. Mke wangu tunamwita Jemedari, na jemedari hangoji wiki. Jioni ileile ugali ulipigwa marufuku, tukapewa kabichi ya kuchemsha.

Hapo lazima nikueleze habari za Zege. Ni shemeji yangu, mdogo wake Jemedari, aliyekuja kutafuta kazi mjini na sasa sebule ni yake. Jina amelipata kwa kupenda chipsi mayai kuliko jamaa zake wote. Usiku wa kabichi aliaga kwamba anakwenda kununua vocha. Aliporudi, koti lilikuwa limetuna upande mmoja. Kitinda mimba wetu, Mkaguzi, akanusa hewa, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi Kijenge Juu: “Anko ana chipsi!” Punde vidole vya nyumba nzima vilikuwa ndani ya karatasi moja, vya Jemedari vikiongoza. Kabichi waliirithi kuku wa jirani.

Ukimshindisha mtu njaa, usiku atalipiza. Jemedari alilielewa hilo, akaacha kupiga marufuku, akaleta kijiko. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120. Mimina bila kupima vijiko kumi, umetia 1,200 sufuriani, na watu wazima wengi huhitaji 2,000 hivi kwa siku nzima. Sasa mboga yetu inapata vijiko vitatu, watu wote tukila. Mnafu kutoka soko la Kilombero unajaza nusu ya sahani, ugali ni wa dona, na loshoro imebaki palepale, kwani mahindi na maziwa mgando hayajamkosea mtu.

Sukari ilileta kesi kubwa zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25 hivi, yaani vijiko sita vya chai. Zege hutia vinne katika kikombe kimoja, na kikombe kimoja kwake ni salamu tu. Jemedari alimpunguzia nusu kijiko kila wiki, kimyakimya. Hakugutuka hadi alipokunywa chai kwa jirani akasema imemkaba.

Bibi Siagi hakukubali. Kijiko kilipotea, tukakikuta ndani ya kanga yake. Simlaumu mama yangu huyu. Amelea watoto katika miaka ambayo mwili mnene ulikuwa ushahidi wa neema. Lakini nchi imebadilika. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 1991/92, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 11 katika kila 100. Kufikia 2015/16 walikuwa 28. Presha na kisukari hupenda kufuata njia hiyo, na mimi namtaka Jemedari wangu azeeke nami.

Tumesuluhishwa na mtori. Jumapili ni ya Bibi, na siagi yake. Siku nyingine kijiko kinatawala. Jioni mimi na Jemedari tunateremka kwenye daladala Mnara wa Saa, tunamalizia kwa miguu hadi nyumbani, tukizungumza mambo ambayo mbele ya Mkaguzi hayazungumziki. Presha yake imeshuka, na mkanda wangu umerudi matundu ya zamani.

Wewe unayetaka kuanza, anza na sukari ya chai. Dumu liache hadi mama mkwe asafiri.