Namna ya Kumwingiza Mama wa Mahindi Kwenye Kompyuta

Fika Tunduma alfajiri, kabla foleni ya malori ya kwenda Nakonde haijafunga barabara. Kompyuta ibaki kwenye begi. Mwamkie mama mnunuzi wa mahindi, kaa juu ya gunia, usiulize kitu mpaka uulizwe wewe umefuata nini.

Usimwulize mtaalamu, "Mama, unajuaje kwamba mahindi yamekauka?" Atakujibu, "Nimezoea tu, mwanangu," na hakudanganyi. Huko Stanford, miaka ya 1970, waliounda MYCIN, mfumo wa kompyuta wa kuwashauri madaktari juu ya maambukizi ya bakteria, waliyapata mamia ya sheria zake za "ikiwa hivi, basi vile" kwa kupitia wagonjwa halisi, mmoja baada ya mwingine. Ujuzi hutoka ukiwa na kazi mbele yake.

Kwa hiyo tazama mikono. Mama niliyekaa naye alichoma gunia kwa bambo karibu na mdomo, akapokea punje kiganjani, akatia moja kwenye jino la pembeni. Ka! Nikaandika: ikiwa punje inalia, nunua. Gunia la pili punje zikalia vilevile, naye akalikataa. Akalifungua, akazamisha mkono mpaka kiwikoni, kisha akauvuta na wangu ndani. Kulikuwa na joto. Juu makavu, katikati mabichi. "Haya yanapumua," akasema.

Anachokikataa kiandike kwa makini kuliko anachokikubali. Muulize pia ni lini alikosea, maana gunia lililomtia hasara halisahau. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kipimo cha umeme kitakupa namba ya punje ulizokitilia, basi. Gunia likipita na ubichi wake huota kuvu, kuvu huleta sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kusonga ugali. Ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa kwa haraka.

Kuutia ujuzi wa mtu kwenye mashine inawezekana, na hapa kwetu imefanyika. Nuru, programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo, ilianza na picha zilizopigwa mashambani upande wa Bagamoyo, na wataalamu wa mihogo ndio waliosema jani hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia. Macho yao ndiyo yaliyomo ndani ya simu ile.

Mlipe mama siku yake, kwa sababu umemchelewesha kununua. Kisha msomee sheria zako kwa Kiswahili, moja moja, naye awe na haki ya kufuta.

Nilimsomea: ikiwa gunia lina joto, kataa.

"Na kama limeshinda juani?"

Nikanyamaza.

"La juani lina joto gandani, mwanangu. Linalopumua lina joto moyoni."

Nikafuta, nikaandika upya, nikamsomea tena.